Ngoma Unayoikuta Njiani

Katika somo la leo tutazungumza juu ya ngoma ambazo mtu huzikuta bila kutazamia akiwa safarini kwa kazi zake. Je, akiikuta ngoma ya namna hiyo, yampasa kufanya nini?

Mfano wetu ni wa Feri, hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimetumwa kukagua madarasa ya watu wazima Kigamboni, nami nangoja pantoni. Ilipotia gati, wakashuka abiria, na katikati yao kundi la watu wanapiga mdundiko. Hiyo ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Haikai mahali pamoja: hupigwa watu wakitembea, mara nyingi wakati wa kumtoa mwali au wa sherehe za jando, na kila apendaye hujiunga. Ndiyo maana wazazi wa mjini wamezoea kuwaonya watoto kwamba aufuataye mdundiko hupotea njia ya kwao.

Nilitaka kuzinasa nyimbo zile katika simu. Nikamwendea bibi mmoja aliyefuatana na kundi. "Shikamoo, bibi. Mtaniruhusu nizichukue nyimbo hizi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizi za njiani ni za watu wote, chukua. Lakini za ndani kwa mwali ni za wenyewe. Huko simu haiingii."

Hapa tunapata mafundisho mawili. La kwanza ni ruhusa. Unyago ni shule, na shule ina mlango wake. Anayezichukua nyimbo zake kwa siri huwavunjia heshima wanaofundishwa humo.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine ya kunasia sauti, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Pamoja na nyimbo, aliandika habari za waimbaji, lugha, mahali na ala. Kwa maandishi hayo mjukuu aweza kuutafuta wimbo wa babu yake. Sauti isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Basi, zoezi la juma hili: chagueni ngoma moja ya kwenu. Waulizeni wazee inapigwa lini, na nani, na kwa ala gani. Andikeni majibu daftarini, pamoja na jina la aliyewaeleza, akikubali. Kwaherini.