Majani ya Mstafeli na Seli za Ubongo

 

Waheshimiwa kina baba na kina mama, usiku huu tumeombwa tuzungumzie jambo lililoingia majumbani mwetu humu ugenini kimya kimya, nalo ni unywaji wa majani ya mstafeli. Nadra kumpata miongoni mwetu asiyeletewa kwenye simu ule ujumbe usemao kwamba stafeli huua saratani kwa nguvu mara 10,000 kuliko dawa za hospitali. Tangu hapo wako wazee wetu wanaoyachemsha majani hayo kwa futari na tena kwa daku, na wako wanaoagiza vidonge vya unga wake mtandaoni.

Ujumbe ule una ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo mdogo ndio unaopoteza watu. Dondoo za mstafeli zimeua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Lakini kuua seli chomboni si kumponya mwanadamu. Hata sabuni huziua. Na wataalamu walipozijaribu sumu za mti huo juu ya seli za ubongo, nazo zilikufa.

Habari hii ilianzia Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, ambako stafeli na topetope huliwa sana na majani yake hunywewa kama dawa ya usingizi. Mwaka 1999 madaktari wa huko walieleza katika jarida la Lancet hali ya wagonjwa 87 wenye dalili za ugonjwa wa Parkinson, yaani ukakamavu wa viungo, uzito wa mwendo na mtetemeko. Ni 22 tu waliokuwa na Parkinson ya kawaida. Wengi wa waliobaki walikuwa na aina kali zaidi, ambayo dawa ya levodopa haiisaidii ipasavyo. Baadhi yao walianguka mara kwa mara na macho yao yalishindwa kutazama juu na chini. Walipoulizwa walichokula na kunywa, hao wenye aina kali ndio waliotumia matunda na majani hayo kwa wingi zaidi.

Ndani ya mstafeli mna alkaloidi, mathalani retikulini na koreksimini, ambazo maabarani zimeonekana kuua seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Mna pia annonasini, ambayo si alkaloidi, nayo huua seli hizo kwa kiasi kidogo mno kuliko alkaloidi. Kila seli ina vinu vyake vya nguvu viitwavyo mitokondria. Annonasini huviziba, na seli ikikosa nguvu hufa. Seli za ubongo zikifa hazirudi kama ngozi irudivyo baada ya jeraha. Panya waliotiwa annonasini moja kwa moja katika damu kwa siku 28 walipoteza seli katika sehemu zilezile za ubongo zinazoongoza mwendo.

Insafu yatulazimu kusema na upande wa pili. Panya yule hakula tunda, alitiwa sumu mshipani. Mwaka 2010 taasisi ya Ufaransa ya usalama wa vyakula iliona kuwa ushahidi uliokuwapo haukutosha kuthibitisha kwamba stafeli ndilo lililowaletea watu wa Guadeloupe maradhi hayo. Tena vipimo vilionyesha kwamba tunda moja huwa na takriban miligramu 15 za annonasini, hali kikombe cha majani kina sehemu ndogo tu ya miligramu moja. Kwa hiyo hatumtishi aliyekunywa kikombe kimoja, wala hatumkatazi mtu kipande cha stafeli sikukuu ya Idi. Tunalohofia ni mazoea ya kila siku, miaka nenda miaka rudi, na vidonge ambavyo mnywaji hajui kilichomo. Zaidi ya hayo tunamhofia mgonjwa wa saratani anayeahirisha miadi ya hospitali kwa kutegemea birika.

Mzee mwenye mtetemeko au anayeangukaanguka, naye hunywa majani haya, ayaache na amweleze daktari wake bila kuficha, kwani daktari wa huku hatafikiria kuuliza habari za mstafeli. Mwenye vidonge nyumbani avilete kesho baada ya tarawehe, pamoja na pakiti yake. Tutakaa ukumbi wa nyuma tuisome pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.