Jicho la Shahidi Mbele ya Hakimu wa Rufaa: Somo la Kesi ya Kisangani



Sisi tunaokutana hapa Kapalata, Kisangani, tunaijua barabara ya Bafwasende, na wengi tunakumbuka kesi iliyotoka huko. Tarehe 5 Mei 2009 dereva Abedi Kasongo aliuawa kwa risasi. Joshua French na Tjostolv Moland, waliowahi kuwa wanajeshi wa Norwe, walikamatwa, na Septemba mahakama ya kijeshi ya Kisangani ikawahukumu kifo. Desemba rufaa yao ikatupwa. Aprili 2010 Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa, ikatengua; kesi ikarudiwa, na Juni wakahukumiwa kifo tena. Moland alifia gerezani mwaka 2013, French akarudishwa kwao 2017, kwa hiyo leo tunaweza kuijadili bila kumkwaza hakimu yeyote.

Kilichoangusha hukumu ya kwanza ni kasoro katika jinsi mahakama ilivyoundwa. Maneno ya mashahidi hayakuwa sababu, na hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Mashahidi wa mashtaka walisema wageni hao ndio waliofyatua. Washtakiwa walisema wamevamiwa na watu wenye silaha. Mawakili wetu hupenda kuazima kesi ya Waziri Amani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Tanzania mwaka 1980: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, alimjua kabla? Maswali mazuri, ila yanamhusu shahidi anayeweza kumfananisha mtu na mwingine. Katika kesi ya Kisangani hakuna aliyebisha kwamba French na Moland walikuwa safarini na Kasongo. Shaka iko kwenye tendo: nani alishika bunduki, na shahidi wakati huo alikuwa anatazama, amelala chini, au ameshakimbilia porini? Mtu aliyesikia mlio kisha akageuka anaweza kuapa, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ameona risasi ikipigwa. Alichokiona ni mtu na maiti. Katikati amejaza mwenyewe.

Tena kulikuwa na picha ya Moland akitabasamu huku anasafisha damu garini. Ilizunguka dunia. Shahidi aliyekwisha kuiona picha kama hiyo, kumbukumbu yake haiko peke yake tena.

Hukumu ya kwanza iliagiza pia Norwe ilipe dola milioni 60. Sisemi mtu alidanganya kwa ajili ya pesa. Nasema hakimu wa rufaa akikuta fidia ya namna hiyo kwenye faili, aulize shahidi anafaidika vipi, na aandike jibu. Lugha nayo: shahidi anaeleza kwa Kiswahili au Lingala, karani anaandika Kifaransa. Tofauti kati ya maelezo mawili inaweza kuwa ya karani.

Kwetu hakimu huhukumu kwa imani yake ya ndani. Sawa. Lakini ibara ya 21 ya Katiba ya Kongo inadai hukumu iandikwe na itoe sababu, na kuandika tu kwamba mashahidi wameaminika si sababu. Mimi ningeanza na maelezo ya kwanza kabisa, yale ya polisi. Kama hayamtaji aliyefyatua, na ya mahakamani yanamtaja, shtaka la mauaji litafute kitu kingine cha kulishikilia: ganda la risasi, bunduki, jeraha. Mashtaka mengine, kama yapo, yapimwe kivyake.