Kazi ya Serikali si Mali ya Wenye Majina

Mwanafunzi wa mtaa wa Mountain View, Nairobi, anayepanda matatu kwenye Barabara ya Waiyaki kwenda mjini mara nyingi husadiki jambo moja: serikalini huingii bila mkubwa wa kukushika mkono. Upendeleo upo, tusidanganyane. Lakini milango halali nayo ipo, na wengi hawajabisha hodi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 232, inataka ajira ya umma ifuate ushindani wa haki na sifa za mwombaji, huku makabila yote, jinsia zote na watu wenye ulemavu wakizingatiwa. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi mtandaoni, haitozi ada ya maombi, na ina mpango wa mafunzo ya kazi wa miezi 12 kwa waliohitimu vyuo vikuu. Kaunti zetu 47 nazo zina bodi zake za kuajiri. Walimu wana tume yao.

Wala serikali si makarani na polisi tu. Inahitaji wapima ardhi, wakutubi, wachumi, maafisa wa maabara na wahandisi wa maji. Lower Kabete, si mbali na Mountain View, kuna Chuo cha Serikali cha Kenya kinachowanoa watumishi hao.

Walimu, wapelekeni wanafunzi huko wakajionee. Nawe kijana, andaa vyeti mapema, soma matangazo mwenyewe, na anayekudai hongo, mripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.