Ukifika Bandari Usiyoijua

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama na viongozi wa vijiji vya kando ya Ziwa Kivu



Leo tuzungumze juu ya safari ya ziwa. Si safari yote, bali sehemu yake ya mwisho: pale mtumbwi unapokaribia bandari ambayo kapiteni haijui, na watu waliomo hawana ndugu wala rafiki huko nchi kavu. Mimi nilisoma sheria, sikusoma kazi ya maji. Lakini kazi ya kufundisha raia haki na wajibu wao imenipandisha mitumbwi mingi, na nitakayosema nimeyapata kwa wavuvi wa sambaza na kwa makapiteni wenye umri mkubwa kuliko wangu.

Kwa nini tuseme habari hii Kirotshe? Wewe wa hapa unajua. Tangu vita vilipoanza Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993, vikaingia Masisi, watu wetu hawajaacha kukimbia, kurudi, na kukimbia tena. Njia yetu ni moja: Sake, Kirotshe, Shasha, Bweremana, Minova. Njia hiyo ikifungwa, linabaki ziwa. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwezi wa pili 2024, mapigano yalipokata barabara ya Goma. Mkulima ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi alijikuta majini pamoja na watoto, magodoro na mifuko ya maharagwe. Mwezi wa kwanza 2025, mapigano yalipofika Minova na Sake, familia nyingi zilipita tena majini.

Tukumbuke tarehe 3 Oktoba 2024. Boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya Kituku, Goma. Siku ile gavana wa Kivu Kusini alisema kwamba watu 278 walikuwa ndani, na kwamba 78 walikuwa wamekufa. Boti ilikuwa imebeba kupita kiasi. Lakini nataka uangalie mahali ilipozamia. Haikuzama katikati ya ziwa. Ilizama ikiwa imebakiza chini ya kilometa moja, watu wa sokoni wakiitazama kwa macho yao. Wale ndugu zetu walikuwa karibu wamefika.

Basi fundisho la kwanza ni hili: kuiona bandari si kufika. Mtu akiiona nchi kavu moyo unashuka, anasimama, anatafuta mzigo wake, anaita mtoto wake. Watu 100 wakisimama pamoja na kwenda upande mmoja, mtumbwi unalala upande huo, na maji yanaingia.

Sasa nianze na wewe, kapiteni.

Panga safari yako ufike jua likiwa bado liko juu. Bandari usiyoijua haiingiliwi usiku. Usiku kwenye Ziwa Kivu kila taa si ya nchi kavu. Wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakawasha taa kuita samaki. Ukizifuata taa hizo ukidhani ni kijiji, utaingia kwenye nyavu zao, na wavu ukishika propela, moteri inazima.

Kabla ya kuondoka, tafuta mtu anayeijua bandari unayokwenda na umuulize: mawe yako upande gani? Mchanga uko wapi? Upepo wa huko unatoka wapi? Kuuliza si ujinga. Mara nyingi mvuvi wa kule atakubali kukaa mbele ya mtumbwi akuonyeshe. Bei ya kumlipa ni ndogo kuliko bei ya sanduku la maiti.

Ukifika karibu, punguza mwendo, na usiingie mara moja. Kaa kidogo nje, elekeza mbele ya mtumbwi kwenye mawimbi, uangalie. Mitumbwi ya wenyeji inapita wapi? Wanaiegesha wapi? Pita walipopita. Mtu mmoja akae mbele na mti mrefu, apime kina cha maji na kukuambia kwa sauti. Usizime moteri mapema, kwa maana mtumbwi usio na nguvu hausikii usukani. Na usiupe wimbi ubavu wako. Majira ya kiangazi upepo wa kusini hupiga kwa nguvu upande wa kaskazini wa ziwa, na wimbi la ubavuni ndilo linalopindua.

Tena ujue ardhi yetu ilivyo. Kuanzia Sake hadi Goma, volkano zimemimina moto wake ziwani. Nyamuragira ilifanya hivyo kati ya 1938 na 1940, karibu na ghuba la Kabuno, na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 katika mji wa Goma. Mawe yale ni makali, na mengine yamejificha chini kidogo ya maji. Penye mawe hayo unaweza kuwa karibu sana na nchi kavu, na bado chini yako ni shimo refu. Asiruke mtu kwa kudhani maji yatamfikia magotini.

Wewe baba, wewe mama uliyepanda, usidhani kwamba kazi yote ni ya kapiteni.

Ukiona mtumbwi umejaa, shuka. Najua ni neno gumu kwa mtu anayekimbizwa na risasi. Lakini ukiweza kungoja mtumbwi wa pili, ngoja. Vaa jile, yaani koti la kuelea, na mvalishe mtoto kwanza. Jile iliyofungwa kamba pamoja na mizigo haijamwokoa mtu. Bandari ikionekana, kaa chini, mshike mtoto, usisimame. Watu washuke mmoja mmoja kupitia mbele, mtumbwi ukiisha kufungwa. Walioko nyuma wangoje. Mizigo iwe ya mwisho. Na wapagazi wakijitupa majini kunyang'anyana magunia, mmoja wenu awe na sauti ya kusema: “Bado! Tushuke kwanza!”

Ukiisha kushuka, hatari moja inabaki. Karibu na Sake na Goma ziko sehemu za bondeni zenye mazuku, hewa ile nzito inayotoka ardhini na kuua bila harufu. Ukikuta wadudu au ndege waliokufa ndani ya shimo, au moto unazimika wenyewe ukiushusha chini, usilaze watoto hapo. Panda juu. Waulize wenyeji mahali pa kulala.

Sasa nakuja kwako, mzee shefu, na kwenu nyote mnaoongoza kando ya maji.

Niruhusu nisimulie yaliyonipata. Siku moja tulitoka upande wa Minova tumechelewa. Kapiteni hakutaka kwenda bandari kubwa, kwa sababu ya pesa ambazo angetozwa pale, mkono kwa mkono, bila karatasi. Akatafuta ghuba ya pembeni ambayo hakuijua. Giza likatukuta. Tukaona taa, tukaifuata, nayo ilikuwa ya wavuvi. Propela ikashika wavu, moteri ikazima, mawimbi yakaanza kutusukuma kwenye mawe. Watoto walilia. Mimi na diploma yangu ya sheria nilishika ubao kwa mikono miwili, na sikuwa na neno la kusema.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mwenye tochi. Alisimama juu ya jiwe na kupiga kelele: “Musikuye apa! Mupite kuume, kuko muchanga!” Akazungusha tochi mpaka tukapiga makasia kufuata mwanga wake. Tulifika kwenye mchanga, mtu hata mmoja hakupotea. Mama yule hakuuliza sisi ni kabila gani, wala tumetoka upande wa nani. Swali la kwanza alilotuuliza lilikuwa: “Iko mutoto mwenye baridi?”

Mzee shefu, nimefikiri sana juu ya usiku ule. Vitu viwili vilituweka hatarini: giza, na woga wa kutozwa. Kitu kimoja kilituokoa: mtu aliyesimama nchi kavu na kutaka tufike. Mtumbwi unaokwepa bandari kwa sababu ya vizuizi, ujue utatafuta mawe usiku. Kizuizi ulichokiweka ili upate faranga chache kinaweza kugharimu roho za watu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi hii haki ya kutembea kwa uhuru, kukaa mahali anapotaka, kuondoka na kurudi, kwa kufuata sheria. Na sheria yetu ya makosa inamwadhibu anayeacha kwa makusudi kumwokoa mtu aliye hatarini, wakati angeweza kumwokoa bila kujihatarisha.

Basi ninakuomba mambo manne, na hakuna linalongoja msaada wa nje. Moja, tafuta na wavuvi wako mahali pamoja palipo salama, upajulishe vijiji vya jirani. Mbili, simika miti yenye kitambaa cheupe penye mawe yaliyojificha. Tatu, weka zamu ya watu wawili wenye tochi na kamba kila jioni, mmoja awe mwanamke, kwa sababu wengi wanaofika ni akina mama. Nne, watu wapokelewe kwanza, waandikwe baadaye. Maswali ya jina na ya kijiji yana saa yake, na saa hiyo si wakati mtoto angali majini. Mwenye wasiwasi juu ya wageni ana haki ya kuusema kwenye baraza, mchana, mbele ya wote.

Nanyi mnaofika, mkumbuke kwamba bandari ni nyumba ya watu. Nyavu mlizokata, mseme. Shamba la mwambao lina mwenyewe. Kijana wa kwenu akija na silaha amejificha kati ya wamama, amewaharibia njia wote watakaokuja nyuma yenu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni anayemletea vita.

Ndugu msikilizaji, sisi wa Masisi na Walikale kila mmoja amewahi kuwa mgeni wa mtu. Aliyepokea 1993 alikimbia mwaka mwingine, na aliyekimbia amepokea. Hujui ni lini utakuwa wewe ndani ya mtumbwi, usiku, ukitafuta mwanga mmoja ulio wa kweli. Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, mzee shefu na wavuvi wako, shukeni mpaka majini. Tazameni pale mitumbwi inapofikia. Mkubaliane ni nani atakayeshika tochi.

Kwaherini, na tufike salama.