Tabora, Mji wa Njia Panda, na Sisi Watu wa Uhamisho



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji huu wa Tabora. Wengi wetu hatukuzaliwa hapa. Tulikuja kwa barua ya uhamisho, na kwa barua ya namna ile ile tutaondoka. Basi yatupasa kujiuliza: je, mji huu ni wetu, au sisi ni abiria tu wanaongoja gari stesheni?

Kwanza tutazame habari zake. Hapo kale, kabla ya reli, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Njia itokayo Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikashika kaskazini kuelekea nchi za Ziwa Victoria. Burton na Speke walifika mwaka 1857, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akingojea wapagazi. Wanyamwezi walijulikana hata pwani kwa kazi ya kuchukua mizigo. Wala tusifiche kuwa katika misafara hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Mtemi Isike naye alipigana na Wajerumani hata akafa mwaka 1893.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na mpagazi akatua mzigo wake. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Baadaye, wakati wa Waingereza, reli ya Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa njia panda mara ya pili, safari hii ya chuma.

Lakini gari la moshi halikuchukua karanga na pamba peke yake. Lilichukua makarani, waalimu na mafundi, nao walichukua fikra. Mwaka 1922 karani Martin Kayamba na wenzake waliunda kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Hapa Tabora, mwaka 1937, Julius Nyerere aliingia shule ya Serikali, naye ni mtoto wa Butiama, mbali na hapa. Januari 1958 wajumbe wa TANU kutoka pande zote za nchi walikutana katika mji huu kushauriana juu ya kura tatu, ambazo zilimlazimu mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walichukizwa na sharti hilo. Hata hivyo, baada ya mabishano makali, waliamua kuingia katika uchaguzi, wakashinda. Uhuru ulipatikana mwaka 1961.

Tumeyataja hayo kwa kuwa wengi wa watu hao walikuwa wageni Tabora kama sisi, wala hawakusema, "Haya si ya kwetu." Na sisi je? Tukiitwa kwenye mkutano wa mtaa twasema, "Mimi ni mtu wa uhamisho." Kamati ya shule ikitafuta mwandishi, twajibu vivyo hivyo, ingawa kalamu ndiyo kazi yetu. Kosa hilo twalikiri, maana sisi wenyewe tumelifanya. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wetu tuna miaka hapa, na jembe hatujalishika.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na njia yake imepangwa kufika huku. Njia panda huleta watu. Haiwafanyi kuwa wenyeji. Treni ya mwendo mkali yaweza kuupitia mji pasipo kuuachia kitu, kama wakaao humo hawakujiweka tayari.

Tazameni miembe ya Tabora. Mwembe hauzai mwaka ule upandwao, na aupandaye huenda asiule. Na tupande hivyo hivyo, ili barua ya uhamisho itakapokuja, mji uone pengo letu.