Ukiitwa Kusuluhisha Kazini, Usiwe na Upande

Makamanda! Wale wa Mbagala na Tandika mliokwama kwenye foleni, karibuni, nafasi zipo huku mbele.

Nimepewa dakika chache niongelee ugomvi wa kazini. Wengi wetu hapa ni vibarua wa viwandani, wauza duka, bodaboda, wachache maofisini. Ukishajulikana kwamba unajua kuongea, wenzako wakigombana wanakuita wewe. Sasa ukiitwa, unafanyaje?

Tuseme kiwandani Chang'ombe watu wawili wanapokezana mashine moja. Wa asubuhi anaikuta chafu, kazi inachelewa, msimamizi anamfokea. Wa usiku naye anasema huwa anaachiwa vifaa pungufu. Wiki ya tatu hawasalimiani. Wiki ya nne mmoja anamkunja mwenzake shati.

Hapo pana hatari jamani. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja kumshambulia mfanyakazi mwenzako kuwa kosa linaloweza kuhalalisha kufukuzwa kazi. Ngumi moja, ajira imekwenda, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Kwa hiyo kikao kiitishwe mapema, kabla watu hawajakunjana.

Kwanza, zungumza na kila mmoja peke yake, umuulize kama yuko tayari kukaa na mwenzake. Asiyetaka usimburuze.

Pili, tafuteni mahali patulivu. Siyo ofisini kwa bosi. Siyo kwa mama ntilie mnapokula wote, maana pale kila mtu atageuka wakili.

Tatu, weka masharti mwanzoni: kila mmoja anaongea bila kukatishwa, hakuna matusi, na ya hapa yanabaki hapa. Akimaliza, rudia ulichosikia: "Kwa hiyo kinachokuuma ni kufokewa kwa kosa lisilo lako. Nimekuelewa?" Ukienda hivyo, unaweza kukuta wote wawili wanalia na jambo moja: zamu haina muda wa makabidhiano. Hilo wanaweza kwenda kumwomba msimamizi wakiwa pamoja.

Nne, msiishie kwenye "yaishe, peaneni mikono". Andikeni kwenye karatasi nani atafanya nini, kuanzia lini, na mtakutana lini tena kuangalia kama yametekelezwa.

Sasa, kinachoharibu vikao vingi ni mwenye kikao kugeuka hakimu. Angalieni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Yenyewe inashughulika na migogoro ya mfanyakazi na mwajiri, lakini jina lake linatufundisha kitu: usuluhishi ni kazi moja, uamuzi ni nyingine. Msuluhishi ana siku 30 za kuwasaidia watu wafikie makubaliano yao wenyewe, labda wakubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Ikishindikana ndipo shauri linasonga mbele. Wewe umeitwa kwa kazi ile ya kwanza. Ukishatamka "wewe ndiye mkosa", umepoteza mmoja, na kikao kimekufa.

Lakini siyo kila kitu ni cha kusuluhisha. Dada akishikwashikwa na msimamizi wake, usiwaketishe "waelewane". Huo ni unyanyasaji, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinauhesabu kuwa ubaguzi. Msindikize apeleke malalamiko. Na aliyekwisha kufukuzwa msimpotezee muda kwa vikao vya mtaani: ana siku 30 tu za kufika CMA.

La mwisho linatuhusu sisi. Itatokea mmoja wa hao wawili ni kamanda mwenzako, na mwingine ni wa kijani kabisa. Kila siku tunadai tume huru, tunadai refa asiye na upande. Haya, leo filimbi umeshika wewe. Dakika ulizompa kamanda, mpe na wa kijani hizo hizo. Na kama walivyokubaliana ni kwamba kamanda asafishe mashine kabla ya kutoka, basi kamanda aisafishe.

Nani ana swali?