Injini Mbili Kutengeneza Moja: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu



Gari likizimika huku mashambani, hasara haimpati mwenye gari peke yake. Maziwa ya asubuhi yanachelewa, mbolea inabaki dukani, na jirani aliyezoea kupelekwa Eldoret kliniki anaanza kutafuta pikipiki. Kwa sababu hiyo, injini ikinoki watu hukubali haraka jambo la kwanza ambalo fundi atasema. Hapo ndipo pesa za ng'ombe aliyeuzwa zinapotea bila kujulikana zilikwenda wapi.

Njia zinazotajwa huwa tatu. Ya kwanza ni kununua injini nzima iliyotumika ng'ambo, ile ambayo wauzaji huita eks-Japan. Ya pili ni kufanya ovaholi kwa vipuri vipya. Ya tatu ndiyo inayozungumziwa leo: kutafuta injini nyingine ya aina ile ile, iliyoharibika mahali tofauti, kisha kuichinja na kutumia viungo vyake vizima. Gari moja lilichemka hadi silinda hedi ikapinda, lakini sehemu ya chini ni nzima. Jingine liliishiwa na oili, krankshafti ikaharibika, lakini hedi yake haina neno. Kati ya hizo mbili, injini moja nzuri inaweza kupatikana.

Wakulima wa hapa watauliza mbona haya yote, ilhali Massey Ferguson 135 hufunguliwa, ikawekwa silivu mpya na kurudi shambani. Swali hilo ni la haki. Injini ya Perkins ya silinda tatu iliyo kwenye trekta hiyo iliundwa ili silivu zake zitolewe na kubadilishwa. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Probox nyingi haikuundwa hivyo. Bloku yake ni ya alumini, na chuma kilichozunguka silinda ni chembamba mno. Silinda ikikwaruzwa sana, hakuna nyama ya kuchonga. Fundi anayeahidi kuichonga kama ya trekta aulizwe maswali zaidi. Mara nyingi jibu la kweli ni kutafuta bloku nyingine, na hiyo ndiyo sababu injini ya kuchinjwa ina thamani.

Sasa, kufanana kwa sura si kulingana kwa kipimo. Probox zilikuja na injini ya 1NZ ya sisi 1,496 na nyingine ya 2NZ ya sisi 1,298. Ukiziweka kando kwa kando ni kama mapacha, na silinda zote zina upana wa milimita 75. Lakini pistoni ya 1NZ husafiri milimita 84.7, na ya 2NZ husafiri milimita 73.5 tu. Krankshafti ya moja haitumiki kwa nyingine. Anayekwenda kununua asome herufi na namba zilizopigwa kwenye bloku yenyewe, asitegemee karatasi iliyobandikwa na muuzaji.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, injini hiyo ifunguliwe kifuniko cha juu. Ndani kukiwa na tope jeusi zito, mwenyewe wa kwanza hakuwa akibadilisha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kichujio cha oili kikatwe na kukunjuliwa juani. Vikionekana vipande vinavyometa, kuna beringi iliyokula chuma, na sehemu ya chini isinunuliwe kwa bei ya kitu kizima.

Wengi hupenda kupima mgandamizo wa silinda, na ni vizuri. Lakini nyanda hizi ziko juu sana. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu moja kwa tano kuliko ya Mombasa. Geji itasoma chini kwa kiasi hicho hicho hata kama injini ni nzima. Injini nzuri zimewahi kuitwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Cha kuangalia zaidi ni silinda nne kukaribiana. Tatu zikisoma sawa na moja ikaanguka mbali, huyo ndiye mgonjwa.

Kuna viungo ambavyo havitenganishwi, na hapa hata mafundi wa miaka mingi huteleza. Vifuniko vinavyoshika kemshafti vilichongwa pamoja na hedi yake kiwandani. Ukichukua hedi ya injini ya pili, chukua na vifuniko vyake, kila kimoja mahali pake na kikielekea upande wake. Vile vile vifuniko vya beringi kubwa na bloku yake, na kila konrodi na kofia yake. Kuvichanganya kwa sababu bolti zinaingia ni kuandaa injini ifungane baada ya siku chache. Fundi makini hupiga alama au hufunga kila jozi kwa kamba kabla ya kuosha chochote kwa petroli.

Hedi iliyotolewa kwenye injini ya pili iwekewe rula ya chuma iliyonyooka, na fila geji ipitishwe chini yake. Kwa hedi nyingi za Toyota za alumini, nafasi ikizidi milimita 0.05, hedi imepinda. Huo ni unene usiofikia unywele wa watu wengi, kwa hiyo jicho haliwezi kuamua. Krankshafti nayo ipimwe kwa maikromita. Kama gereji haina kifaa hicho, ipelekwe kwa wachongaji Eldoret. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko bei ya kurudia kazi yote.

Vingine visihamishwe kabisa kutoka kwa injini ya zamani: ringi za pistoni, beringi, gasketi, sili za oili, na bolti za hedi za aina ile inayokazwa kwa digrii, ambazo hunyooka kidogo kila zinapokazwa. Hivi vinunuliwe vipya. Mwenye gari akisikia kwamba fundi "ameokoa" pesa kwa kurudisha gasketi ya zamani, ajue hajaokolewa chochote. Na kama injini yake ilikufa kwa kukosa oili, pampu, chujio la chini na vijia vyote vya oili visafishwe hadi ndani, kwa maana unga wa chuma uliobaki utaila beringi mpya.

Jambo la maji pia. Katika mwinuko huu maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Kifuniko cha redieta ndicho kinachoweka shinikizo ili yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, au kile cha kuazima kisichokaza, kinaweza kupinda hedi iliyogharimu mshahara wa mwezi. Kiwekwe kipya siku ile ile injini inarudishwa, pamoja na dawa ya redieta badala ya maji ya mtoni matupu.

Sasa upande wa sheria, ambao gereji nyingi huunyamazia. Namba ya injini iko kwenye bloku, na imeandikwa kwenye logibuku. Mwenye gari akibaki na bloku yake na kuchukua hedi pekee kutoka kwa nyingine, namba haibadiliki. Akichukua bloku ya injini ya pili, gari lake sasa lina namba nyingine. Ni lazima aijulishe NTSA, gari likaguliwe, na rekodi ibadilishwe. Kwa hiyo uamuzi wa bloku ipi ibaki si wa fundi peke yake, na mwenye gari aulizwe kabla kazi haijaanza.

Hatari kubwa zaidi ni asili ya injini yenyewe. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inaweza kufika miaka 14 gerezani. Injini iliyouzwa usiku, kwa bei ya kushangaza, bila risiti, na namba yake imekwaruzwa, inampa mnunuzi sababu tosha ya kushuku. Risiti iwe na jina la muuzaji, nambari yake ya kitambulisho, na namba ya injini. Kama gari la kwanza lilipata ajali, nakala ya logibuku yake iombwe. Muuzaji wa halali hatakasirika.

Kuhusu mafundi: wapo Moiben vijana ambao mikono yao inajua kazi hii vizuri ingawa hawana karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa hiyo mzazi mwenye kijana anayeshinda gereji asione aibu kufika ofisi ya wadi kuuliza.

Oili iliyomwagwa nayo isiende mtaroni. Mto Moiben huingia Nzoia, na Nzoia huenda hadi Ziwa Victoria. Huku kwetu ng'ombe hunywa kwanza. Ihifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na ipewe mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.

Siku ya kuwasha, plagi zikiwa nje, injini izungushwe kwa stata mpaka taa ya oili izime. Kisha ndipo iwashwe kweli. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kabla ya kilomita 1,000, na katika umbali huo gari lisipakiwe magunia ya mahindi hadi dirishani.

Na kabla ya kulipa salio, mwenye gari aombe vipuri vyote vilivyotolewa, vya injini yake na vya ile iliyochinjwa, virudishwe kwenye gunia. Aone ringi za zamani. Aone beringi. Ahesabu bolti za hedi za zamani: kwa 1NZ ziwe kumi.